Jiko, kisima au darasa la jioni: shule ya kijiji ianze na huduma ipi?

Kamati ya shule ikipata fedha kidogo, au mfadhili akibisha hodi, mvutano huanza siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu anataka wanafunzi wale mchana. Mwenyekiti wa kijiji anataka bomba ndani ya eneo la shule ili kitongoji kizima kichote. Kina mama wa vikoba wanauliza kwa nini madarasa yafungwe saa tisa alasiri ilhali wao hawana pa kukaa wajifunze hesabu. Mganga wa zahanati naye angependa apewe chumba cha kupimia watoto. Wote wana hoja, ila shule yenye walimu saba haiwezi kubeba yote hayo kwa mwaka mmoja. Ikijaribu, yote hulala.

Ndiyo maana nazipima hapa huduma nne kwa maswali matatu. Nani ataifanya kazi hiyo kila siku? Gharama gani itajirudia baada ya shamrashamra za uzinduzi kuisha? Nje ya wanafunzi, nani mwingine ataipata nafuu? Ninazungumzia zaidi shule za msingi za serikali za kutwa nchini Tanzania, na Kenya nitaitaja pale ambapo kuna la kujifunza.

Tuanze na fedha iliyopo. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine hubaki kwa ajili ya vitabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya: ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, na humo kuna chaki, mitihani, michezo, ukarabati na karatasi za ofisi. Kwa hiyo huduma yoyote ya ziada itasimama kwa nguvu za wazazi, serikali ya kijiji na halmashauri. Anayewaambia kwamba ruzuku itatosha hajapiga hesabu.

Chakula cha mchana

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ada na michango ya lazima vilifutwa. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa, hata hivyo, kilibaki mikononi mwa wazazi na jamii. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, nao unasisitiza jambo hilo hilo: shule na wazazi wakae, wakubaliane, wapike.

Kwa hesabu ya jikoni, mtoto mmoja akipewa gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku, kwa siku zote 194 anahitaji kilo 23 na ushee za mahindi na karibu kilo 6 za maharage. Hilo ni debe moja la mahindi na nyongeza kidogo. Mzazi wa mtoto mmoja anaweza. Mzazi mwenye wanne shuleni anadaiwa kilo 93, yaani karibu gunia zima, na hapo ndipo mipango mingi ya chakula huvunjika. Shule ya wanafunzi 400 inapaswa kupokea, kuhifadhi na kulinda magunia 93 ya mahindi na 23 ya maharage.

Stoo ndiyo roho ya huduma hii, kuliko hata sufuria. Mahindi yanayoletwa Julai yakiwa hayajakauka vizuri, kufikia Oktoba yameliwa na dumuzi, unga unamwagika ukigusa tu gunia. Kibaya zaidi ni ukungu unaoleta sumukuvu: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, nao walikuwa wamekula mahindi ya kawaida ya nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuchangisha debe la kwanza, kamati iwe na chaga za kuinua magunia kutoka sakafuni, mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, na mtu anayejua kukataa mahindi mabichi mlangoni bila kumwonea haya jirani yake. Daftari la stoo liwe wazi: jina la mzazi, kilo zilizopokelewa, kilo zilizotoka leo, sahihi mbili.

Kisha jiko lenyewe. Makande hayahitaji kwenda mashineni, lakini yanakaa motoni saa nyingi. Yakilowekwa usiku kucha muda hupungua sana. Ugali huiva haraka, ila kuna gharama ya kusaga, na mahindi yakikobolewa kabla ya kusagwa, sehemu kubwa ya virutubisho inabaki kwenye pumba. Uji wa asubuhi ni nafuu kuliko vyote na huwafaa sana watoto wa darasa la awali ambao hutoka nyumbani bila kitu tumboni. Kama uwezo ni mdogo mno, anzeni na uji wa awali, la kwanza na la pili, halafu mpande hadi madarasa ya juu. Nishati nayo si jambo la kuachia mpishi peke yake. Serikali ilikwisha kuzizuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa, ikiweka mwisho kuwa Januari 2024. Kumwambia kila mtoto aje na ukuni mkononi si mpango tena, na wala haukuwahi kuwa mpango mzuri kwa watoto wa kike waliokuwa wakitumwa porini alfajiri.

Linganisha na Nairobi. Kule kaunti ilianzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023 ikishirikiana na shirika la Food4Education. Chakula hupikwa katika majiko makubwa ya pamoja, kikapakiwa kwenye magari na kufikishwa shuleni. Mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa sahani, huziweka kwa simu, na mtoto hugusisha kikuku chake kwenye kifaa akapewa sahani. Ubora wa mtindo huu ni mwingi: mwalimu hashiki pesa, hakuna stoo ya kulinda katika kila shule, na mtoto ambaye mzazi wake hajalipa hajulikani mbele ya wenzake kwa kuitwa jina. Lakini jiko kuu linataka barabara inayopitika hata masika, shule nyingi zilizokaribiana, na serikali ya kaunti inayofidia sehemu kubwa ya gharama kila siku. Kwenye vitongoji vya mijini kama Mbezi, Kisauni au Nyegezi, mtindo huo unawezekana. Kwa shule iliyo kilomita 30 kutoka lami, jiko la shuleni ndilo pekee, na lina faida ambayo jiko kuu halina: mahindi yananunuliwa kwa wakulima wa hapo hapo, na wapishi ni kina mama wa hapo hapo.

Jambo moja kamati isilegeze kamba hata kidogo. Mtoto ambaye mzazi wake hajachangia ale. Nimeshuhudia shule ikiwapanga pembeni wale ambao majina yao hayakuwa kwenye daftari, wakae chini ya mwembe wakiwatazama wenzao. Wiki iliyofuata nusu yao hawakuja. Deni ni la mtu mzima, lidaiwe kwenye mkutano wa kijiji, na familia isiyo na uwezo ichangie kwa kazi: kuchota maji, kupalilia shamba la shule, kupukuchua mahindi.

Darasa la jioni

Huduma hii ndiyo rahisi kuanzisha na ndiyo ya kwanza kufa. Majengo yapo, ubao upo, walimu wanaishi jirani. Tena ni ya asili kabisa kwetu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na shule za msingi nchi nzima zikawa madarasa ya wazazi baada ya watoto kuondoka. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kama theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika; kufikia 1986 serikali ilihesabu kuwa zaidi ya asilimia 90 wanajua. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, kwa redio na vikundi vya kusikiliza, ilishirikisha watu wapatao milioni 2, na vyoo vikachimbwa vijijini kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Katika Kwamsisi, mkoani Tanga, ilijaribiwa shule ambayo masomo yake yalifungamanishwa na kazi za kijiji chenyewe.

Kilichoyaangusha madarasa hayo ni uchumi wa miaka ya 1980 na jambo dogo linaloitwa posho. Mwalimu aliyefundisha tangu asubuhi aliambiwa arudi saa kumi kufundisha watu wazima kwa malipo kidogo yaliyochelewa, au yasiyokuja. Akavumilia, akachoka, akaacha. Mpango wowote mpya wa jioni utakaomtegemea mwalimu yule yule bila kumlipa utafika mwisho ule ule. Tafuteni mwezeshaji mwingine: mstaafu, kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, mwanakikundi anayejua hesabu. Afisa elimu kata anaweza kuwaunganisha na mfumo wa MUKEJA, yaani uwiano kati ya elimu ya watu wazima na jamii, au MEMKWA kwa watoto na vijana walioikosa shule.

Wapo pia wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha njia mbadala ya sekondari. Darasa la jioni katika shule ya msingi ya jirani linaweza kuwa mlango wao wa kurudia kusoma, ila tu kama kuna mtu wa kuwashika watoto wao wachanga kwenye chumba cha pili. Bila mtu huyo hawatakuja, hata wapewe vitabu bure.

Kuna la kuangalia kwa karibu ambalo huonekana dogo. Madawati ya darasa la pili yametengenezwa kwa mtoto wa miaka minane. Mama wa miaka arobaini akikaa humo saa nzima magoti yanagusa mbao, mgongo unauma, na aibu inaongezeka. Tumieni darasa la saba, au mkae kwa mkeka chini ya mti wakati jua limepoa. Taa ya sola ni bora iwepo, lakini mkianza saa kumi alasiri haihitajiki, na mama anarudi nyumbani kabla ya giza. Somo lenyewe lianzie kwenye daftari la kikoba, risiti ya mbolea na ujumbe wa simu wa pesa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomleta.

Kwa gharama, darasa la jioni halina mpinzani. Kwa kudumu, linashindwa na jiko, kwa kuwa siku chakula kikikosekana kijiji kizima kinajua saa hiyo hiyo, ilhali darasa likikosa mwalimu wiki mbili hakuna anayepiga kelele.

Maji na vyoo

Hapa sina maneno mengi. Kama shule haina maji, acheni mengine yote. Huwezi kupika kwa ajili ya watu 400 bila maji, na huwezi kuosha mikono yao. Kiwango cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule iliyo mbali na kiwango hicho ina wasichana wanaobaki nyumbani siku za hedhi.

Faida kwa jamii ni kubwa kuliko huduma nyingine yoyote, kwa sababu kisima cha shule huwa kisima cha kijiji. Na ugomvi wake pia ni mkubwa kuliko wowote. Foleni ya ndoo inaingia uwanjani wakati wa kipindi, ng'ombe wanafuata, bomba linaharibika na hakuna anayejua ni la nani. Wekeni kituo cha kuchotea kwenye mpaka wa eneo la shule, bomba moja likielekea nje kwa wanakijiji na lingine ndani kwa wanafunzi. Uendeshaji ukabidhiwe chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilicho chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini uliowekwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, ili anayelipia ndoo alipie kwa mtu anayewajibika kununua kipuri. Mwalimu mkuu asiwe fundi bomba.

Siku ya afya shuleni

Watu huidharau huduma hii kwa kuwa haina jengo la kuzindua. Mimi naiweka juu sana. Zahanati ina mhudumu, ina dawa, ina ratiba ya huduma ya mkoba, ya kuwafuata watu walipo; inachokosa ni mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika. Shule ndiyo mahali hapo. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchini Aprili 2018 imewafikia wasichana kwa kiasi kikubwa kwa njia ya shule. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALiKi, inayofanyika kila robo mwaka, inaweza kukaa kwenye uwanja wa shule: watoto chini ya miaka mitano wapimwe urefu na uzito, mama aelezwe mlo, na wanafunzi wapate dawa za minyoo kwa utaratibu wake.

Kuhusu minyoo kuna ushahidi wa karibu nasi. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1998. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2004, yalionyesha utoro ukipungua kwa robo katika shule zilizopewa dawa, na hata watoto ambao hawakumeza walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua pale pale. Wachambuzi wengine baadaye walibishana nao juu ya ukubwa wa manufaa kwa shule za jirani, na ubishi huo ni halali. Hata hivyo dawa ni rahisi, inatolewa na serikali, na kazi ya mwalimu ni ya siku chache tu kwa mwaka.

Ubaya wa siku ya afya ni kwamba haimshibishi mtu na haionekani. Mzazi anaisahau. Pia haitatui udumavu peke yake: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa na Njombe asilimia 50.4, mikoa inayolisha nchi. Mtoto hudumaa kabla hajafika darasa la kwanza. Shule inaweza kumfikia kupitia mama yake siku ya kupima, na kupitia uji wa darasa la awali anapokuja shuleni ameshikwa mkono na kaka yake.

Mchague ipi?

Shule isiyo na maji ianze na maji, hata kama mfadhili amekuja na sufuria. Mwambieni kwa heshima abadilishe, na akikataa mshukuruni aende.

Shule yenye maji, iliyo katika eneo la wakulima ambako wazazi wanavuna mara moja kwa mwaka, ianze na chakula, na ianze mwezi wa mavuno. Mkichangisha Februari wakati kila ghala ni tupu mtapata maneno tu. Mkiwa wafugaji, au kijiji kinachoishi kwa uvuvi na biashara ndogo kama vingi vya pwani na kandokando ya ziwa, kuchangia debe hakuwafai. Chukueni fedha kidogo kidogo kila wiki, zipokelewe na serikali ya kijiji kwa stakabadhi, na nunueni kwa jumla. Walimu wasikusanye michango kwa hali yoyote.

Kama kijiji kimegawanyika, kuna vyama viwili vya wazazi visivyosalimiana, msianze na stoo ya mahindi. Chakula kinahitaji kuaminiana, na mahindi yakipotea gunia moja tu mgawanyiko utazidi. Hapo siku ya afya ndiyo mwanzo salama: dawa ni za serikali, haziibiki kwa faida ya mtu, na kila upande una mtoto wa kupimwa.

Na kama mna vijana waliosoma wasio na kazi, pamoja na vikundi vya kina mama vyenye nidhamu ya kukutana kila wiki, darasa la jioni litasimama sambamba na huduma nyingine yoyote bila kuinyang'anya kitu. Mkiwakosa hao, msiliongeze kwa sababu tu jengo liko wazi.

Huduma yoyote mtakayochagua, muhtasari wa kikao uwe na majina. Nani anashika ufunguo wa stoo, chumba au bomba. Nani anaweka sahihi ya pili. Nani atakaa na daftari siku ambayo mwalimu mkuu atahamishwa, maana atahamishwa. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wazazi kila muhula, na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na ofisi ya kijiji. Ikitokea kikao kimeisha na hakuna aliyekubali kushika ufunguo, ahirisheni hadi muhula ujao na muanze kwanza kumtafuta mtu huyo.